Maji Yatashuka

Jotham alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha mbele cha gari lake, akisugua kioo kwa ndani kwa kipande cha sabuni ya mche, mvua ilipokatika ghafla. Akasikiliza. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye migomba. Ng'ombe akalia zizini. Kisha, kutoka ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, akasikia kile alichokuwa akikisikia tangu alipofika asubuhi: pumzi ya mkewe ikivutwa kwa shida, kama msumeno butu kwenye ubao mbichi.

Akachukua gazeti kuukuu, akafuta ile sabuni mpaka kioo kikang'aa. Kioo kilichosuguliwa hivyo hakipandi ukungu hata mvua inyeshe vipi. Aliyajua hayo tangu enzi za malori. Lakini huku mkono ukizunguka alijua pia kwamba anafanya kazi hiyo kwa kuwa ile nyingine, ya mle ndani, hakuiweza.

Rispah alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari wa Kitale aliwaeleza kwamba moyo wake umetanuka, umelegea, hausukumi damu inavyopaswa, na maji yanabaki mwilini. Kiangazi alikuwa na nafuu, aliweza hata kwenda sokoni mwenyewe na kurudi na kikapu. Ni mvua zilizommaliza. Baridi ya Mlima Elgon ikishaanza kuteremka jioni jioni, miguu yake ilivimba, na alilala akiwa ameketi, ameegemea mito kama mgeni anayengojea gari.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, alimwambia mumewe, "Baba Nekesa, nipeleke kwa mama nikae kidogo. Nataka kula mboga yake."

Jotham alimpeleka. Barabara ilikuwa kavu, vumbi likiwafuata kutoka Kitale mpaka huku Bungoma, bondeni chini ya Chwele. Alimwacha pale, naye akarudi Matisi, kwenye nyumba yao ya kupanga na kazi yake ya kusambaza mbegu na mbolea madukani kwa hili gari lake dogo, Probox. Sasa alikuwa ameitwa.

"Mwambie mwenye gari," ilisema sauti ya mama mkwe kutoka upande wa pili wa ukuta, "mgonjwa amevaa. Twende."

Hapakuwa na wa kuambiwa amwambie. Ndugu zake Rispah wote walikuwa mbali. Lakini mama alisema hivyo hivyo, kwa ukuta, kwa hewa, kwa sababu hivyo ndivyo inavyosemwa. Kwa Wabukusu mama mkwe na mume wa bintiye hawashikani mikono, hawali mezani pamoja, hawaitani kwa majina. Wakikutana njiani mmoja hukata kona. Si chuki. Ni heshima iliyo nzito kuliko upendo. Miaka yote aliyokuwa ameoa pale, Jotham alimjua Mama Nabwile kwa pindo la leso, kwa visigino vinavyoondoka, kwa uji mzuri alioletewa na watoto.

Alifungua mlango wa nyuma, akageuza uso, akasubiri mpaka aliposikia gari likizama kidogo kwa uzito. Ndipo akageuka. Rispah alikuwa ameketi nyuma ya kiti cha dereva, midomo yake rangi ya zambarau. Kando yake, amejifunika leso hadi machoni, ametazama dirisha, alikuwa mama yake. Ndani ya gari dogo kiasi hicho hapakuwa na kona ya kukata.

"Mama Nekesa, uko sawa hapo?" Jotham aliuliza.

"Niko." Rispah akavuta pumzi. "Twende tu."

Gari liliwaka mara moja. Lilikuwa gari lililotunzwa. Kila mwaka, mawingu ya kwanza yakianza kukusanyika juu ya mlima, Jotham alikwenda mjini Kitale kwa Sukhwinder, yule Kalasinga mwenye duka la vipuri, akanunua waipa mpya hata kama za zamani bado zinafuta. Aliangalia meno ya matairi kwa kuingiza ukucha. Alibadilisha mafuta ya breki, akasafisha vichwa vya betri, akapaka grisi. Nyuma, chini ya magunia, kulikuwa na jembe, kamba ya kuvutia gari na gunia la mchanga. Madereva wa Kitale walimcheka. "Jotham anajiandaa utadhani anaenda vitani," walisema. Sukhwinder peke yake hakucheka. Alikuwa akimfungia zile waipa kwenye karatasi na kumwambia, "Enda pole, bwana. Mvua haina haraka na wewe."

Walicheka wale ambao hawakumjua Hiram. Hiram alikuwa dereva mwenzake zamani, walipokuwa wakibeba mahindi ya tajiri mmoja. Mtu wa vichekesho, fundi wa usukani. Alivuka kijito alichokuwa amekivuka maisha yake yote, siku ambayo maji yalikuwa yameongezeka kidogo tu, na amebeba kina mama wawili aliowahurumia kwa sababu ya mvua. Kesho yake, maji yalipokwisha, Jotham ndiye aliyeufungua mlango wa lori lile. Tangu hapo kuna jambo moja aliloliamini kuliko mahubiri ya Jumapili: maji yanayokimbia hayajaribiwi.

Njia ya kutoka kijijini ilikuwa utelezi mtupu. Udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama samli, na gari lilitaka kwenda kando kila lilipopata mteremko. Jotham hakugusa breki. Alishuka kwa gia ya kwanza, akiliacha gari lijizuie lenyewe, mikono yake ikizungumza na usukani taratibu. Mbele, ng'ambo ya bonde, mtu angeweza kuona nguzo za umeme za barabara ya lami. Ukishafika lami, hospitali ya Bungoma haiko mbali.

"Mwambie apunguze mashimo," alisema mama kwa dirisha.

"Mama anasema..." Rispah akaanza.

"Nimesikia. Pole."

Wakaukuta mto.

Siku za kawaida haukuwa mto. Kilikuwa kijito cha wanawake kufulia, na juu yake kivuko cha saruji, cha chini, kisicho na kingo, ambacho maji hupita juu yake yakijaa. Sasa kivuko hakikuonekana. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yenye haraka, yakibeba mabua ya mahindi na kandambili moja ya mtoto. Kile kigingi cha saruji chenye mistari, kilichowekwa kuonyesha kina, kilikuwa kimezama chote isipokuwa kichwa.

Wanaume kadhaa walisimama ukingoni, wamejifunika magunia ya nailoni. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, Jotham alimfahamu. Aliitwa Wamalwa, jirani wa kina Rispah.

"Imenyesha huko juu mlimani tangu asubuhi," Wamalwa alisema. "Hiyo maji haitaki mchezo, bana."

"Na njia ya kuzunguka?"

"Ile ya juu? Lori la miwa imelala hapo tangu jana. Hakuna kitu inapita. Hata punda."

Jotham alivua viatu, akakunja suruali, akaomba fimbo. Aliingia maji hatua kwa hatua, akigonga saruji mbele yake kabla ya kuweka mguu. Baridi yake ilimpanda mpaka kwenye meno. Hakuwa amefika mbali maji yakawa juu ya magoti, na mguu mmoja ukasukumwa kando kama uliopigwa teke. Akasimama. Alihisi chini ya nyayo saruji ikitetemeka, ama ni yeye aliyekuwa akitetemeka. Akarudi.

"Haipitiki," alisema dirishani.

Rispah alifumba macho, akayafumbua.

Akapiga simu hospitali. Waliopokea walikuwa waungwana: gari la wagonjwa litakuja, litasimama barabarani, ng'ambo ya mto, wala halitavuka. Je, mgonjwa anaweza kubebwa? Jotham akawatazama wale wanaume, nao wakatazama maji, kisha wakatazama miguu yao. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, mwenye mke, alikuwa ametoka majini.

Ndipo pikapu ikaja kutoka nyuma yao, imejaa kabichi, redio ikipiga kelele. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu. Akatoa kichwa.

"Niaje, wazee? Mnaogopa hii?"

"Hillary, ngoja kwanza," Wamalwa alimwambia. "Hapa kuna mgonjwa."

Hillary akazima redio. Akashuka, akachungulia ndani ya Probox, na uso wake ukabadilika. Alikuwa kijana mwenye huruma. Jotham alikuja kukumbuka hilo baadaye kila siku, na kila siku lilimuuma.

"Mzee, leta mathe huku kwangu," alisema. "Gari yangu iko juu, yako ni ya chini sana. Na niko na mzigo, mzigo inashika barabara. Asubuhi nimevuka hapa."

"Hata mimi nilivuka asubuhi. Maji yalikuwa haya?"

"Yalikuwa chini kidogo. Lakini nitavuka tu. Dakika mbili tuko ng'ambo."

Jotham alizunguka pikapu. Hakutaka, lakini macho yake yalikwenda kwenye matairi. Ya nyuma yalikuwa yameisha kabisa, laini kama kipara, nyuzi zikichungulia pembeni. Akainama, akaingiza ukucha. Hapakuwa na pa kuuingiza. Alipoinuka, mbele yake alimwona Hiram, matope mdomoni.

"Hapana," alisema.

"Mzee..."

"Hapana, kijana. Haya matairi hayatashika. Maji yakikuinua hapo katikati, yeye hawezi kuogelea. Hawezi hata kupumua."

Mlango wa nyuma wa Probox ukafunguka. Mama Nabwile alishuka, akasimama kwenye matope, na leso ikamwanguka mabegani. Jotham aliuona uso wake mzima kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Rispah, uliokaangwa na jua na miaka.

"Jotham!"

Wanaume wote wakageuka. Wamalwa akainamisha kichwa, kama mtu aliyeona uchi wa mzazi wake.

"Jotham, vuka! Ama mpe huyu kijana avuke naye. Unangoja nini? Mtoto wangu anakufa na wewe unapima matairi!"

Jotham hakuwahi kumwelekezea neno maishani mwake. Akaenda dirishani kwa mkewe, akachuchumaa.

"Mama Nekesa. Sema wewe. Ukisema twende, twende."

Rispah alimtazama. Kifua chake kilipanda na kushuka. Mkono wake uliovimba ukatafuta wa mumewe.

"Mimi sijui maji," alisema. "Wewe ndiyo unajua."

Laiti angesema lolote lingine. Jotham akabaki amechuchumaa, ameshika mkono ule, na moyoni mwake vifo viwili vikasimama kama mizani: kimoja cha maji, alichokiona kwa macho, kingine cha moyo ule, alichokuwa bado anakikataa. Akachagua kukataa.

"Tungoje," alisema. "Mvua imekatika. Maji yatashuka."

Hillary alitikisa kichwa. "Basi acha nivuke niwaambie watu wa ambulensi waje mpaka ukingoni," alisema, akapanda garini. Pikapu iliingia majini ikinguruma. Maji yakaparamia boneti. Katikati, sehemu ya nyuma ikaanza kuchezacheza, ikateleza kando, kabichi zikaruka na kuchukuliwa, na mmoja wa wale wanaume akapiga yowe. Jotham hakupumua. Kuna sehemu yake ndogo, chafu, ambayo ilitaka pikapu ile ichukuliwe. Kisha magurudumu yakashika. Ikapanda ng'ambo ikitiririka maji kila upande, kama ng'ombe anayetoka kuogeshwa.

Hakuna aliyeshangilia. Wale wanaume walimtazama Jotham, kisha wakaacha kumtazama.

"Si amevuka," mmoja alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza wewe," Wamalwa akamjibu.

Jotham alichomeka kijiti matopeni, pale maji yalipoishia. Akarudi kukaa kiti cha mbele, amegeuka nyuma. Mama alikuwa amerudi ndani. Leso hakujifunika tena. Alikuwa amemkumbatia bintiye kifuani, akimpapasa mgongo kwa duara, kama anavyopapaswa mtoto aliyenyonya. Jotham alikwenda kutazama kijiti, akakikuta ndani ya maji. Akachomeka kingine. Baadaye alikwenda tena, akakuta maji yako pale pale kwenye kijiti. Alirudi kila mara na habari ile ile usoni, na kila mara hapakuwa na aliyemuuliza.

Ng'ambo, gari jeupe lilifika, likasimama mbali, taa yake ikizunguka bila sauti. Watu waliovaa makoti walishuka, wakaja mpaka ukingoni, wakasimama na machela yao. Wangeweza kuonana nyuso. Mmoja aliinua mikono, akapiga kelele kuuliza jambo, na maji yakaimeza sauti yake.

"Baba Nekesa," alisema Rispah.

"Niko."

"Uliweka waipa mpya?"

Alidhani hakusikia vizuri. "Niliweka."

"Kwa Sukhwinder?"

"Kwa Sukhwinder."

"Haya," alisema, kana kwamba jambo lililokuwa likimsumbua limetengenea, akaegemeza kichwa shingoni mwa mama yake.

Pumzi iliendelea kukata ubao wake. Ikakata, ikakwama. Ikakata. Povu jepesi la waridi likaja pembeni mwa mdomo, mama akalifuta kwa leso. Jotham alihesabu nafasi kati ya pumzi na pumzi, kama anavyohesabu dereva kati ya radi na ngurumo, mpaka akafika pale ambapo hakuna tena cha kuhesabia. Aliendelea kungoja. Mama naye aliendelea kupapasa, duara, duara. Kisha mkono wake ukapunguza mwendo, ukasimama.

Hakulia. Alimtazama Jotham machoni, moja kwa moja, jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kumfanyia mkwe wake, na mtazamo huo haukuwa na hasira. Angalau hasira ingekuwa mahali pa kushika.

Jua lilichomoza chini ya mawingu, likaelekea kuzama upande wa Uganda. Wamalwa alikuja akigonga fimbo yake, amefurahi, amelowa hadi kiunoni.

"Mzee!" aliita. "Imeshuka. Kigingi kinaonekana nusu. Sasa unaweza kupita, mpitishe mgonjwa haraka!"

Akafika dirishani. Akaona. Alivua lile gunia kichwani, akabaki amelishika kwa mikono miwili.

Jotham aliwasha gari. Aliingia kivukoni kwa gia ya kwanza, polepole, usukani umenyooka. Maji yalifika nusu ya magurudumu, yakagongagonga milango kwa upole, yakapisha. Ilikuwa kazi ndogo. Ilikuwa kazi ndogo kiasi kwamba alitamani gari lizime, linyanyuke, lichukuliwe, lifanye lolote la kuonyesha kwamba mto ule ulikuwa na nguvu. Likapanda ng'ambo bila kuteleza hata kidogo.

Hillary alikuwa hajaondoka. Pikapu ilikuwa pembeni, mlango wa abiria wazi, koti lake limetandikwa kitini. Alikuja mbio pamoja na wale wa machela. Daktari kijana alifungua mlango, akashika shingo ya Rispah, akashika kifundo cha mkono, akamulika macho. Kisha akaurudishia mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Pole sana, mzee," alisema. "Pole, mama."

Hillary alivua kofia yake. Jotham alimngojea amtukane. Alimtazama kabisa, akampa nafasi. Kijana akaenda kuufunga mlango wa pikapu yake.

Wale wa ambulensi walisema wao huwabeba walio hai. Walikuwa na mgonjwa mwingine wa kumfuata, na walisema kwa aibu. Jotham aliitikia kwa kichwa. Alilipandisha gari mpaka kwenye lami, akasimama pale njia inapoungana, magurudumu ya mbele yakigusa ule weusi mkavu. Kushoto ni Bungoma, kwenye chumba cha maiti na karatasi zake. Kulia ni njia ndefu ya Kitale, Matisi, mito yake ya kuegemea iliyopangwa kitandani kando ya ukuta. Nyuma ni kwao Rispah. Aliwasha kiashiria bila kujua cha upande gani.

Lori lilipita, likawarushia maji. Kwa ndani kioo kilibaki cheupe, bila ukungu. Hakusogeza kidole kuwasha waipa.

"Jotham," alisema Mama Nabwile kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyepewa lifti. "Hii gari haina moto? Miguu yake imepoa sana."

Aliinua mkono, akakizungusha kile kitufe chekundu cha joto mpaka mwisho. Hewa ikatoka, kwanza ya baridi, ikinuka vumbi la Januari, kisha ya vuguvugu, kisha ya moto. Nyuma alisikia nguo zikisogezwa, viatu vikivuliwa, na mama akiinua ile miguu iliyovimba, mmoja, kisha wa pili, na kuielekeza mbele, katikati ya viti viwili, pale joto linapofika. Ikagusa kiwiko cha Jotham. Hakukiondoa. Kiashiria kiliendelea kugonga, na magari yaliyokuwa nyuma yao yalianza kuzunguka na kuwapita.